Gari Lililosukumwa na Ukoo

Shemeji yangu mkubwa alisimama siku ya kunyoa nywele, siku chache baada ya kumzika mume wangu, akatangaza kwamba gari ni la ukoo kwa sababu ukoo ndio uliolisukuma.

Hakuwa na hasira. Alisema kwa utulivu wa mtu anayesoma matangazo kanisani. Tulikuwa tumeketi uani nyumbani kwao, juu ya mlima upande wa Shinyalu, wanaume kwenye viti vya kukodi, wanawake kwenye mabenchi karibu na jiko, na mimi peke yangu kwenye kigoda katikati, kichwa kimetoka kunyolewa na upepo unanipiga utosini. Kwetu hiyo ndiyo siku ya kupanga vitu vya marehemu. Koti lake lilienda kwa huyu, redio kwa yule, viatu vya kanisani kwa binamu ambaye miguu yake haikutosha humo hata kwa kulazimisha. Nilikubali yote. Kisha wakafika kwenye gari.

"Hii gari," shemeji akasema, "kila mtu hapa ameisukuma. Mvua ikinyesha, marehemu alikuwa anapiganga honi pale chini kwa daraja, na sisi tunashukanga kuisukuma mpaka hapa kwa boma. Miaka yote. Hakuna mtu anaweza simama aseme iko ya mtu mmoja. Mikono yetu iko kwa hiyo gari."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hoja mbovu kabisa huwa hainisumbui, naifuta tu ubaoni. Inayonikera ni ile iliyo nusu kweli. Ni kweli walilisukuma. Kila msimu wa mvua, pale kwenye daraja la mbao, honi ililia na wanaume wakashuka mbio, suruali zimekunjwa, wakaweka mabega na viganja nyuma ya gari, mmoja akipaza sauti "Haa-rambee!" na wengine wakiitikia "Hee!" mpaka juu. Lakini katika kuhesabu mikono yote hiyo, kulikuwa na mikono miwili ambayo shemeji hakuihesabu. Mume wangu alibaki ndani ameshika usukani. Mimi ndiye niliyeteremka ili gari liwe jepesi, nikavua viatu vya Jumapili, na kusukuma pembeni ya wanaume huku matope yakiniruka hadi kwenye kilemba. Nilifika kwa wakwe zangu hivyo, mwaka baada ya mwaka, mgeni wa heshima aliyepakwa udongo mwekundu.

Sikuyasema hayo. Mjane mwenye kichwa kilichonyolewa leo haulizwi habari za viatu. Nilisema jambo jingine, na likanitoka kabla sijalipima.

"Na likipanda bila mkono wa mtu yeyote, litakuwa la nani?"

Shemeji akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonichoma.

"Mulamwa," akasema, akiniita kama tunavyoitana mashemeji huku kwetu, "hiyo gari haijawahi panda huo mlima peke yake wakati wa mvua. Hata bwana yako ilimshinda."

"Nimeuliza, likipanda?"

"Ikipanda, na wewe ndio uko kwa stering, chukua. Tutakupigia hata makofi. Isipopanda, inabaki hapa kwa boma, na wewe utakuwa unakujanga kuiona."

Wanaume wakacheka. Nikasema nitapanda siku ya maombi ya mwaka ya kumkumbuka marehemu, msimu wa mvua ndefu, si mwezi wa Januari barabara ikiwa kavu. Hapo hata wanawake waliguna, kwa kuwa nilikuwa najifunga kamba mwenyewe. Mama mkwe wangu, aliyekuwa ameketi karibu na jiko, akainua mkono wake kutoka mapajani.

"Mmesikia," akasema. "Siku ya maombi. Isije ikabadilishwa."

Nieleze tatizo la gari lile, maana watu wengi walidhani ni ubovu tu. Lilikuwa gari la kawaida kwa umbo, la kijivu, lenye buti refu na injini ya turbo. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini wenyewe, nayo inaisukumia injini hewa ya ziada ili ipate nguvu. Lakini haifanyi kazi injini ikienda polepole. Kwenye gari letu, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika ukiwa chini ya elfu tatu, turbo imelala na gari ni kama limebeba jiwe. Ukivuka elfu tatu, inaamka, unasikia mluzi, na mgongo wako unabanwa kwenye kiti.

Mume wangu alilipenda sana lile jambo la kubanwa kwenye kiti. Alikuwa fundi wa umeme, mtu mpole, msikilizaji, lakini akiiona lami iliyonyooka anageuka kijana. Kitu cha kwanza alichofanya baada ya kulinunua ni kulitoa giaboksi lake na kuweka la gia za mbio, pamoja na difu ya mbio, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, ili kwenye barabara ya Kisumu liruke. Na liliruka. "Sikia linavyopumua sasa," aliniambia, na mimi nilisikia, sikatai. Ila gia za mbio maana yake ni kwamba injini inazunguka mara chache kwa kila mzunguko wa gurudumu. Kwenye lami hilo ni raha. Kwenye mlima wa kwao, wenye matope na kona kali karibu na kisima, injini ilishuka mizunguko, turbo ikasinzia, na gari likasimama palepale likitetemeka. Ndipo honi ikalia.

Wakati mwingine nilidhani hakujali. Kusukumwa kulimfaa. Alifika nyumbani akiwa amesindikizwa na nyimbo. Nilimpenda mtu yule na bado nampenda, lakini kwa hilo nilimkasirikia akiwa hai, na kufa kwake hakujanifanya niache.

Kwa hiyo nilimpelekea gari fundi mmoja mjini Kakamega, kwenye uwanja wa mafundi wa jua kali ambako magari kuukuu yamepangwa hadi yanagusana. Fundi huyo ni mzee kidogo kuliko mimi, ana sauti ya kukwaruza na tabia ya kufuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Nilimwambia nataka kuchagua gia upya.

"Kuchagua vipi, madam? Gia ni gia."

"Nataka gari lipande mlima, basi."

"Hii si gari ya mlima. Hii ni gari ya barabara. Hata ukipita huko kwa lami watu wanasema, gari ni ile." Akaipapasa boneti. "Bwana yako alijua. Ukiweka gia za nguvu, utaiua spidi."

"Spidi ya kwenda wapi?"

Akarudi kuipapasa boneti, lakini walio karibu walikuwa na majibu tele. Uwanja ule una watu wa ushauri kuliko wa kazi. Mmoja alisema niweke giaboksi la gia sita. Mwingine alisema niongeze nguvu ya turbo. Wa tatu, ambaye hata gari hana, alisema mwanamke akiwa na gari la turbo ni heri aliuze anunue dogo la kubebea mboga. Nilimwuliza yeye mboga zake anabebea nini. Akaenda kutafuta mahali pengine pa kusimama.

Nilichora hesabu yangu sakafuni kwa chaki niliyotoka nayo darasani. Nilitaka nguvu, na nguvu nikazichagua zote. Giaboksi lenye gia ya kwanza, yaani namba moja, ya nguvu kabisa, ya gari la kubebea mizigo, na difu yenye nguvu kupita zote zilizokuwa pale uwanjani. Kama gia za mbio ndizo zilizonishinda, nilijiambia, basi niende mbali nazo kadiri inavyowezekana. Fundi alitikisa kichwa akafanya kazi. Giaboksi la marehemu likawekwa pembeni chini ya gunia.

Mvua zilipoanza nikaenda kujaribu, siku ambayo niliamini shemeji yuko Iguhu kwa shughuli zake. Nilivuka daraja, nikaingiza namba moja, nikakanyaga mafuta. Mshale uliruka kabla gari halijaruka. Turbo ikaamka yote kwa pamoja, magurudumu ya nyuma yakazunguka bure kwenye matope, na gari likaanza kwenda kando badala ya mbele. Nikabadilisha haraka kuingia namba mbili. Kati ya namba moja na namba mbili ya lile giaboksi palikuwa na pengo kubwa. Mshale ukaporomoka, turbo ikalala, gari likasita, likarudi nyuma, na gurudumu moja likaingia mtaroni karibu kabisa na kisima.

Sikupiga honi. Nilikaa tu humo ndani, mikono juu ya usukani. Haikusaidia kitu. Walikuja wenyewe. Huko kwetu huwezi kukwama kwa siri. Kabla hujazima injini watu wameshakunja suruali. Walilitoa mtaroni kwa nyimbo, wakilisukuma kwa furaha na bila ubaya wowote moyoni, na kijana wa jirani akanipungia mkono wenye matope hadi kiwiko. Jioni shemeji alinipigia simu.

"Mulamwa, nasikia tumekusaidia."

"Siku ya maombi bado."

"Mikono imeongezeka tu. Mimi nasema tuache hii mchezo. Niletee gari, tumalize vizuri kama watu wa kanisa."

Nilikata simu nikalia. Nililia kwa sababu ya gari, na kwa sababu kiti cha dereva bado kilikuwa kimebonyea kwa umbo lake na mimi ninakalia bonde la mtu mwingine. Halafu nikaosha uso. Nilikuwa na madaftari ya kidato cha tatu ya kusahihisha, na watoto wa watu hawana habari na turbo yangu.

Baadaye nilisikia kwamba shemeji aliwaambia wazee kuwa mambo yameisha, kwamba nimejaribu na nimeshindwa. Mama mkwe alimjibu akiwa anachambua mboga, hata hakuinua macho. "Alisema siku ya maombi," akamwambia. "Leo ni siku ya maombi?"

Nilirudi mlimani kwa miguu mwisho wa wiki, nikasimama chini ya mwavuli karibu na kisima, nitazame wanaopanda. Sikujua ninatafuta nini. Boda boda zilipita, nyingine zikakwama, abiria wakashuka. Kisha akaja mmoja aliyepakia magunia mawili ya majani ya chai, amelowa, pikipiki inalia kwa sauti moja tu tangu darajani. Alipita kwenye kona bila kubadilisha chochote. Sauti haikupanda wala haikushuka. Alipokuwa akirudi tupu nilimsimamisha, nikamwuliza anafanyaje.

"Madam, gia mtu anachaguanga kule kwa daraja," akasema. "Ukishika gia mpya hapa kwa kona, umekwisha."

Nilirudi mjini na maneno hayo. Fundi alipoyasikia alifuta mikono kwa muda mrefu.

"Ni kweli," akasema. "Na tena nikuambie kitu. Wewe ulipunguzia turbo mzigo. Turbo inataka mzigo kidogo ndio ijaze hewa polepole. Ukiipunguzia sana inacheza, halafu inaingia yote mara moja, tairi zinateleza. Ukiibebesha sana, inalala. Bwana yako aliibebesha sana, wewe ukainyang'anya yote."

"Ulijua hivyo wakati ule?"

"Nilikwambia usiiue spidi."

"Hukusema mzigo. Ulisema spidi."

"Ni kitu kimoja, madam, ni vile wewe hupendi neno spidi."

Tuligombana hapo hadi chai ikapoa, lakini ulikuwa ugomvi wenye faida, wa watu wawili wanaosukuma upande mmoja. Nilichuchumaa na chaki. Nilianza na lile lisilobadilika, yaani mwendo ambao kona inaukubali, mwendo wa boda iliyopakia. Ukienda pole kuliko hapo matope yanakushika. Ukienda kasi unaingia kwenye mahindi ya jirani. Kwa mwendo huo, namba mbili ya marehemu iliuweka mshale juu kidogo tu ya elfu mbili, na turbo ikalala. Namba moja niliyoichagua mimi iliuweka juu ya elfu tano, na magurudumu yakateleza. Nilitaka gia moja itakayouweka mshale kwenye elfu tatu na kitu, ambapo turbo iko macho lakini haijafura, tangu darajani hadi juu, bila kugusa klachi.

Ilitakiwa iwe namba mbili, kwa difu ya katikati. Tulitafuta uwanja mzima. Giaboksi lililopatikana mwishoni lilikuwa na gia zilizokaribiana, zimefuatana vizuri bila pengo, na namba mbili yake ilipishana na hesabu yangu kidogo tu. Fundi aliposikia namba tano, gia ya kukimbilia lami, itakuwaje, alifumba macho.

"Kwa lami injini itapiga kelele mpaka masikio yaume. Matatu itakupita. Lori ya miwa itakupita."

"Acha zinipite."

"Watu wataniuliza nani aliharibu hii gari."

"Waambie ni mwenyewe."

Neno hilo, mwenyewe, lilinikaa vizuri mdomoni. Nilikaa nalo njia nzima hadi nyumbani. Giaboksi la mume wangu tuliliweka kwenye buti. Fundi alisema uzito juu ya magurudumu ya nyuma utayasaidia yashike. Nilifurahi kwamba angalau mara moja litausaidia mlima ule.

Asubuhi ya maombi mvua ilikuwa imenyesha, na bado ilikuwa inanyesha. Nilivaa nguo nzuri. Nilivaa viatu vya Jumapili, vile vyenye kisigino kifupi, kwa makusudi kabisa, na kilemba cheupe. Kama nitashindwa, nilijiambia, nitashindwa nikiwa msafi.

Nilipofika darajani niliona kona yote imejaa. Watu wa ukoo, majirani, wageni wa maombi waliokuwa wamekwisha kufika, wote wamesimama pembezoni na miavuli na majani ya migomba kichwani. Shemeji yupo, suti nyeusi, suruali imekunjwa. Wanaume walikuwa wamekunja suruali wote, na sikuwalaumu, ni mazoea. Nikasimama kwenye mbao. Nikaingiza namba mbili pale pale. Klachi ilinuka kidogo nilipoondoka, nikaiachia, na tangu hapo mguu wangu wa kushoto haukuwa na kazi tena.

Mshale ulipanda polepole. Ulifika elfu tatu tukiwa tumeacha daraja kidogo, na nikasikia ule mluzi, mwembamba, wa sauti moja. Matope yalikuwa mazito lakini gari lilikuwa linavuta, halirukiruki, linavuta tu. Kisha nikaona kitu ambacho sikukipigia hesabu kwenye ile sakafu. Watu walikuwa wanakuja. Waliona gari lao, waliona matope, na miili yao ikakumbuka. Vijana wawili waliruka mtaro, mjomba mmoja akatupa mwavuli, viganja vimenyooshwa mbele, na mtu akaanza ule wito, "Haa-rambee!" Walikuwa wanakuja kunisaidia. Kiganja kimoja tu kikigusa chuma, kazi yangu yote imekwenda.

Nilipiga honi kuwafukuza, na nikajuta papo hapo, kwa sababu pale kwetu honi ndiyo inayowaita. Wakaongeza mbio. Nilifungua dirisha nikapiga kelele, "Msiguse! Msiguse gari langu!" na sauti nyingine, nyembamba, ya mwanamke mzee, ikadaka kutoka juu ya kona: "Acheni! Mmesikia? Acheni!"

Kona ilikuwa mbele yangu. Nilikanyaga mafuta kidogo zaidi, kiasi cha kidole gumba, nikimwomba Mungu na nikiiamini namba mbili karibu sawasawa. Mshale ulisogea. Turbo haikulipuka, iliongeza nguvu taratibu, kama tulivyotaka, na buti zito likakaa chini na magurudumu yakashika. Nyuma yangu kwenye kioo niliona mikono imenyooshwa hewani, halafu ikawa mbali. Udongo mwekundu uliruka kutoka kwenye magurudumu ukamwagikia waliokuwa karibu zaidi. Shemeji alikuwa karibu zaidi.

Nilisimama uani mbele ya turubai la maombi. Nilizima injini, nikavuta breki ya mkono.

Walifika wakihema. Shemeji alikuwa mwekundu toka kifuani hadi magotini.

"Kuna mtu ameigusa," akasema. "Mimi nimeona. Hapo kwa kona kuna mtu ameigusa."

Watu wakaanza kutazamana. Mmoja akasema labda, mwingine akasema hapana. Niliona ushindi wangu ukianza kugeuka mjadala, na mjadala pale uani kwetu hauna mwisho. Mama mkwe alikuja akitembea pole pole na fimbo yake, akasimama nyuma ya gari. Buti lote lilikuwa limefunikwa na matope mabichi. Alipitisha kidole juu yake, akakiinua, chekundu.

"Onyesheni mikono," akasema.

Hawakuelewa.

"Aliyegusa hii gari leo, matope iko kwa mikono yake. Onyesheni."

Wakanyoosha mikono, wazee kwa vijana, kama wanafunzi wa darasa la kwanza siku ya kukaguliwa kucha. Viatu vilikuwa na matope, suruali zilikuwa na matope, lakini viganja vilikuwa safi. Shemeji naye alinyoosha vyake mwishoni. Vilikuwa safi kuliko vya wengine wote, kwani alikuwa ameviweka nyuma ya mgongo akisubiri nishindwe.

Kisha mama mkwe akanigeukia mimi. "Na wewe."

Nilitoa mikono yangu dirishani. Aliishika, akaigeuza huku na huku, akaitazama kwa muda.

"Tangu uolewe," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "hii ndio mara ya kwanza unafika hapa kwangu ukiwa na mikono safi. Mimi nilikuwa nahesabunga. Hawa walikuwa wanaimba zaidi."

Niliteremka, nikafungua buti, nikawaomba vijana wawili watoe lile giaboksi. Walilitua miguuni pa shemeji.

"Mulamwa," nikamwambia, "mlilokuwa mkilisukuma ni hili. Libaki kwa boma."

Alikitazama kile chuma, akatazama suti yake, na nitampa haki yake: alicheka. Si sana, lakini alicheka. Akapiga makofi matatu, kama alivyoahidi, na wengine wakafuata.

Maombi yalikuwa hayajaanza kwa sababu mchungaji naye alikuwa bado yuko chini darajani na gari lake, akipiga honi. Wanaume wakaanza kushuka. Mama mkwe alizunguka, akafungua mlango wa mbele, akaingia na fimbo yake na kukaa kwenye kile kiti ambacho kwa miaka yote ya mvua kilibaki kitupu, kwa kuwa mwenye nacho alikuwa nyuma akisukuma.

"Nipeleke mpaka chini," akasema, "halafu unirudishe."

Tulishuka. Tukageuza darajani, nikaingiza namba mbili, tukapanda. Kwenye kona ya kisima, mbele ya wanaume waliokuwa wameinama nyuma ya gari la mchungaji, mama mkwe wangu alifungua dirisha na kutoa mikono yake yote miwili nje, viganja wazi, mvua ikimnyeshea, na hakuiingiza ndani mpaka tulipofika juu.